Tasnifu ya Kwanza Chini ya Milima ya Uluguru

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, anapoukaribia mwisho wa shahada ya kwanza hutakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti; na hapo ndipo wengi, waliozoea kujibu maswali ya wengine, hutaharuki kwa kuambiwa watunge la kwao.

Swali, kwa rai yangu, ndilo kazi yenyewe. Anayesema atachunguza kilimo cha Uluguru hajasema kitu, kwani milima ile ni mipana na muhula ni mfupi. Bali anayeuliza kwa nini wakulima wa mboga wa Mgeta hutunza matuta ya ngazi, ilhali mwaka 1955 watu wa Matombo, katika milima hiyo hiyo, walifanya ghasia kuyapinga matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, huyo ameshika ncha ya uzi.

Kisha huandika pendekezo, likarudi kutoka kwa msimamizi limejaa wino mwekundu (wala asighadhibike, ndiyo ada ya elimu). Safari hupangwa kwa kuyatazama majira, maana masika yakishika njia za mlimani huwa utelezi mtupu, na mkulima aliye katikati ya palizi hana wasaa wa hojaji. Sura ya mbinu yafaa iandikwe jioni zile zile, mwandishi angali kijijini, matope hayajakauka viatuni.