Kumtumia Mhariri Asiyekujua

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuchapa mjini Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Lilikusudiwa kueneza habari, maarifa ya kilimo na afya, na mambo ya shule, lakini wasomaji wake walilifanya pia uwanja wa ushairi. Walimu, makarani na wengine waliojua kusoma walitia tungo zao kwenye bahasha, wakabandika stempu, wakangoja. Aliyechapishwa alisomwa na watu wa majimbo ambayo pengine asingeyafikia maisha yake yote, na mara nyingine alijibiwa kwa shairi na mtunzi ambaye hakuwahi kuonana naye. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, alikuwa miongoni mwa waliotuma, na Mathias Mnyampala vilevile. Diwani na vitabu vinavyotufanya tuwakumbuke vilikuja baadaye. Ukurasa wa gazeti ulitangulia, na nyuma ya ukurasa huo palikuwa na mhariri mwenye uwezo wa kukubali au kukataa.

Leo mtunzi hahitaji stempu wala ruhusa ya mtu. Akimaliza ubeti wa mwisho anaweza kuuweka Facebook au kuusambaza kwenye kundi la WhatsApp, na sifa zikaanza kuingia papo hapo. Mwenye mswada mrefu na akiba kidogo anaweza kumlipa mpiga chapa akatoka na vitabu vyake mkononi. Kwa nini basi mtu ajisumbue kutuma hadithi moja au mashairi matatu kwa jarida la fasihi, angoje miezi, na huenda mwisho akaambiwa hapana? Jibu la makala hii ni kwamba kutuma ni sehemu ya kuandika kwenyewe. Anayetuma anayakabidhi maandishi yake kwa msomaji asiyemjua, asiyedaiwa naye fadhila yoyote, anayeweza kuacha kusoma pale tu anapochoka. Kila kazi inayotaka kuishi nje ya mzunguko wa marafiki wa mwandishi itakutana na msomaji wa namna hiyo. Jarida humkutanisha naye mapema, kazi ikiwa bado fupi na bado inarekebishika.

Faida ya kwanza huonekana hata kabla barua haijaondoka. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, Kampala, alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akishughulika na jarida la chuo lililoitwa Penpoint, akamwambia ameandika hadithi fupi na kumwomba aisome. Hadithi yenyewe, kama alivyosimulia baadaye, ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa kuwa neno lilikwisha kutoka, ilimbidi akae aiandike, na ikachapishwa humo. Miaka michache tu ikapita, na mwaka 1964 akatoa riwaya yake ya kwanza kuchapishwa. Kisa hiki chafaa kupimwa kwa utulivu. Hakuna anayeweza kudai kwamba bila Penpoint Ngũgĩ asingekuwa mwandishi. Kinachoonekana ni kwamba jarida lilimpa kijana mwenye wazo sababu ya kulimaliza wazo lake: mtu fulani alikuwa tayari kulisoma, na ukurasa ulikuwapo. Wengi wetu tunajua watu wenye daftari zilizojaa mianzo. Kinachokosekana mara nyingi ni tarehe na msomaji, na jarida hutoa vyote viwili.

Faida ya pili ni njia inayofunguka baada ya kuchapishwa. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika zilizoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiingereza, hupokea kazi zilizokwisha kuchapishwa tu, na anayeziwasilisha ni mchapishaji, si mwandishi. Mwaka 2002 ilimwendea Mkenya Binyavanga Wainaina kwa andiko lililokuwa limetoka katika jarida dogo la mtandaoni. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakatoa Nairobi toleo la kwanza la jarida la Kwani?, na mwaka huohuo wa 2003 tuzo ikamwangukia Yvonne Adhiambo Owuor kwa hadithi iliyochapishwa humohumo. Mwaka 2018 Makena Onjerika alishinda kwa hadithi iliyotokea katika Wasafiri, jarida lililoanzishwa Uingereza mwaka 1984. Hadithi hizo zingebaki kwenye droo za waandishi, majaji wasingeziona hata zingekuwa nzuri namna gani.

Basi kazi hutumwaje? Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa na wengi: kulisoma jarida lenyewe, angalau toleo moja zima. Kuna majarida yanayopenda hadithi za uhalisia wa mjini, mengine yanatafuta majaribio ya lugha, mengine yanataka ushairi wa vina na mizani tu. Baada ya hapo husomwa masharti. Majarida mengi hayapokei kazi mwaka mzima. Hutoa wito, yakataja siku ya kufunga na pengine mada ya toleo. Husema idadi ya juu ya maneno, mashairi mangapi kwa mara moja, na faili liwe la aina gani. Baadhi hutaka jina la mwandishi lisionekane popote ndani ya mswada ili wasomaji wa awali wasiangalie sura ya mtu. Masharti haya yana sababu. Mhariri wa jarida la fasihi aghalabu ni mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha, anayesoma miswada usiku na mwisho wa juma. Mswada uliopangwa vizuri, wenye herufi za kawaida na nafasi kati ya mistari, humwezesha kuifikia hadithi bila kupigana na ukurasa. Barua inayoambatana nao iwe fupi: jina la kazi, idadi ya maneno, na mistari miwili au mitatu kuhusu mwandishi. Kueleza maana ya shairi ndani ya barua ni kukiri kwamba shairi lenyewe halikuieleza.

Yako pia mambo ya haki na adabu ambayo mwandishi mgeni anapaswa kuyajua. Kazi ikishaandikwa hakimiliki ni ya mtunzi, hata kabla hajaisajili popote. Jarida kwa kawaida huomba ruhusa ya kuichapisha kwa mara ya kwanza tu, kisha haki humrudia mwenyewe, hivyo mkataba unaotaka haki zote milele usomwe mara mbili na, ikibidi, ukataliwe. Majarida mengi huhesabu kazi iliyowekwa kwenye mtandao wa kijamii kuwa imekwisha kuchapishwa, na mtunzi aliyeharakisha kuitangaza hujikuta amejifungia mlango. Baadhi huruhusu kazi moja kutumwa kwa majarida kadhaa kwa wakati mmoja, kwa sharti kwamba ikikubaliwa kwingine mtunzi aarifu mara moja. Asiyefanya hivyo hupoteza saa za watu na kuharibu jina lake. Na siku hizi swali la nani hasa aliyeandika limekuwa zito. Februari 2023 Clarkesworld, jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi, lilisimamisha kupokea kazi kwa muda baada ya kufurikwa na maandishi yaliyotungwa na programu za akili bandia. Mhariri hukubali kusoma kazi ya asiyemjua kwa kuamini kwamba upande wa pili kuna mtu aliyejitaabisha. Imani hiyo ikivunjwa, wa kwanza kuumia ni waandishi wapya, maana wao hawana jina la kuwatangulia.

Kisha huja majibu, na mengi huwa hapana. Hesabu rahisi inatosha kuonyesha kwa nini. Tuchukue mfano wa jarida linalotoka mara nne kwa mwaka na kuchapa hadithi tano kila toleo: litachapa hadithi ishirini. Likipokea mia nne, mia tatu na themanini zitarudishwa, na haiwezekani zote ziwe mbaya. Baadhi zilifika baada ya nyingine ya mada hiyohiyo kukubaliwa, baadhi zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki, na baadhi zilimkuta msomaji mwenye mwelekeo mwingine. Kwa hiyo jibu moja la hapana halimwambii mwandishi mengi. Majibu sita au saba humwambia zaidi kidogo, hasa yakiwa na neno la mhariri ndani yake, kwa sababu mhariri halazimiki kueleza, na akieleza ina maana kazi ilimgusa kiasi cha kumtoa kwenye jibu la kawaida. Mwandishi makini huisoma upya kazi iliyorudi, hurekebisha anachokiona sasa ambacho hakukiona mwanzo, na kuituma kwingine. Kumwandikia mhariri barua ya ugomvi hakujawahi kuifanya hadithi iwe bora.

Wapo watakaosema kwamba nampa mhariri heshima asiyostahili, na hoja yao ina uzito. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya wakoloni, na mtunzi aliyetaka kuishambulia serikali hiyo hakuwa na nafasi humo. Kiswahili kilichosanifiwa kwa msingi wa Kiunguja, hasa baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, ndicho kilichokuwa kipimo, huku watunzi wa Kiamu na Kimvita wakiwa na mapokeo ya ushairi ya kale mno. Kila mhariri ana mipaka ya elimu, tabaka, umri na ladha yake, na mipaka hiyo huamua nani asomwe. Haya ni kweli, lakini historia inaonyesha pia dawa iliyofaa. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Dar es Salaam gazeti la Kwetu, likiwa mikononi mwa Mwafrika, na sauti zilizokosa nafasi kwingine zikapata pa kusemea. Kwani? nalo lilizaliwa na waandishi vijana waliochoka kungoja wakubwa wa uchapishaji wawatambue. Uhariri mbaya ulijibiwa kwa uhariri mwingine. Kuuondoa uhariri wote kungewaachia nafasi wale tu wenye wafuasi wengi na sauti kubwa, na huo nao ni upendeleo, tena usio na mtu wa kuulizwa.

Hoja ya pili ni ya mitandao ya kijamii: kwamba huko msomaji ndiye mhariri, na haraka zaidi. Mitandao imefanya jambo kubwa, na kulikana ni kukosa haki. Mtunzi wa Kiswahili aliye Muscat, Bujumbura au Toronto husomwa siku hiyohiyo na watu wa Tanga, na malumbano ya mashairi yaliyokuwa yakichukua miezi gazetini sasa humalizika kwa jioni moja. Lakini msomaji wa mtandaoni anayempenda mtunzi humsifu, na asiyempenda hupita kimya. Ni nadra mtu kumwambia kwamba ubeti wa tatu umerudia wa pili, au kwamba hadithi ingeanzia ukurasa wa nne. Wahenga waliliona hili waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa humwonyesha mtunzi kwamba anapendwa. Mahali kazi ilipolegea huonyeshwa na mtu aliyeisoma kwa nia ya kuichapisha, ambaye jina lake pia litalaumiwa ikitoka ovyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: majarida yenyewe ya kupokea fasihi ya Kiswahili yako wapi? Ni machache mno. Kurasa za mashairi katika magazeti kama Taifa Leo zimeudumisha ushairi, na Jalada, jarida la mtandaoni lililoanza Nairobi, lilionyesha mwaka 2016 nguvu ya lugha zetu lilipochapa hadithi moja ya Ngũgĩ, iliyoandikwa kwa Kikuyu, katika lugha zaidi ya thelathini kwa pamoja, Kiswahili kikiwamo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imewainua waandishi wengi, ila hudai kazi yenye urefu wa kitabu kizima. Hadithi fupi ya Kiswahili kwa sehemu kubwa imepata makao katika mikusanyo inayolenga shule, kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, ambayo wahariri wake hawana budi kumfikiria mtahiniwa wa kidato cha nne. Matokeo yake ni pengo: mwandishi wa Kiswahili huruka kutoka daftari hadi kitabu bila ngazi ya katikati, na msomaji mzima hukosa hadithi fupi zilizoandikwa kwa ajili yake.

Pengo hilo si sababu ya kuacha kutuma. Jarida halianzi na mfadhili wala ofisi, huanza na miswada inayotosha kuchaguliwa na wasomaji walio tayari kulinunua au kulifungua. Mambo Leo lilijaa ushairi kwa sababu watu waliupeleka, hata pale ambapo waanzilishi wake walikuwa na makusudi mengine. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zina walimu na wanafunzi wanaoweza kuhariri matoleo mawili kwa mwaka yenye hadithi na mashairi, kando ya makala za kitaaluma. Magazeti yaliyotenga ukurasa mmoja wa mashairi yanaweza kutenga mwingine wa hadithi fupi. Wasomaji wanaweza kumwandikia mhariri kumwambia kipi kiliwagusa. Na mwandishi wa Kiswahili anayetuma leo hadithi moja iliyosafishwa vyema, akifuata masharti na kulipokea jibu lolote kwa utu, anaomba nafasi yake mwenyewe na papo hapo anathibitisha kwamba nafasi hiyo inahitajika.