Kamba ya winchi huharibika lori likishatoka matopeni

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Kisangani na Beni, mvua ikinyesha malori hukwama, na mwenye winchi anakuwa rafiki wa wote. Lori likishatoka, kila mtu anataka safari iendelee. Kamba ya chuma inarudishwa mbiombio ikiwa legevu, huku boyi-shofa akiiongoza kwa mkono mtupu.

Hapo ndipo inapoharibika. Siku ya kuvuta mzigo mzito, mzunguko wa juu unazama kati ya ile ya chini iliyolegea, unabanwa humo na nyuzi zinapondeka. Kamba hiyo inaweza kukatika ghafla na kuua aliye karibu.

Kuipanga upya si kazi kubwa. Inavutwa nje mpaka ibaki mizunguko mitano kwenye ngoma ya winchi, kisha ndoano inatiwa kwenye mkanda uliozungushwa mti imara. Dereva anakanyaga breki kidogo tu, winchi inalivuta gari polepole, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake. Glavu za ngozi ni lazima, na mkono ukae mbali na ngoma: uzi mmoja uliochomoza unatosha kuvuta vidole ndani.