Je, Wajua?

Je, wajua kuwa bingwa wa dunia mara 6 wa judo aliyaanza maisha yake katika koma? Clarisse Agbegnenou, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka Togo, alizaliwa njiti mwaka 1992 mjini Rennes pamoja na pacha wake wa kiume, akafanyiwa upasuaji wa figo angali mchanga.

Mtoto huyo alikua akatawala uzani wa kilo 63. Mwaka 2016, Rio, alishindwa fainali ya Olimpiki na Tina Trstenjak wa Slovenia. Miaka mitano baadaye, Tokyo, wawili hao walikutana tena fainali. Muda wa kawaida uliisha bila mshindi. Katika muda wa nyongeza Clarisse akamwangusha mpinzani wake, kisha wakakumbatiana.

Juni 2022 alijifungua binti. Mei 2023, mtoto hajatimiza mwaka, mama akatwaa taji lake la sita la dunia huko Doha. Paris 2024 akaongeza shaba, na dhahabu ya timu mchanganyiko.

Rwanda nayo ilikuwa na mwanajudo katika Olimpiki ya London 2012. Kwa hiyo, mzazi wa Nyamirambo au Kimironko, binti yako akiomba kujifunza judo, usimwambie ni mchezo wa wavulana. Mnunulie judogi, yaani vazi la judo, mfunge mkanda mweupe, umsindikize mazoezini. Kila mkanda mweusi ulianza kwa mweupe.