Wakati wa Udhu, Papasa Ngozi Yako



Ndugu msomaji, ipo alama ya ngozi ambayo mkono huijua kabla ya jicho. Ni kipande kidogo kikavu chenye magamba, kinachokwaruza kama msasa. Ukikibandua hurudi palepale. Waganga hukiita keratosisi ya jua. Si saratani bado, ila ni ngozi iliyoharibiwa na jua muda mrefu, na baadhi ya vipande hivyo hugeuka saratani visipotibiwa.

Sisi wenye ngozi nyeusi ni nadra kuvipata, kwani rangi yetu huzuia miale. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Hapa Tanzania wanakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400. Kwao alama hizi zaweza kuanza utotoni. Haziambukizi, wala si laana.

Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Wapagazi wa Kinyamwezi katika njia ya misafara walidamka alfajiri, wakatua kambini kabla jua halijawa kali. Sisi mpira tunacheza saa nane mchana!

Sasa uangalie udhu. Mkono hupita usoni, mikononi hadi viwikoni, kisha masikioni, yaani sehemu zilezile zinazopigwa na jua. Papasa polepole, na usisahau mdomo wa chini na shingo. Ukigusa mkwaruzo usioisha, mwambie mzazi. Wengi hudhani ni ukavu tu, wakapaka mafuta ya nazi miezi mizima. Kikinenepa, kikiuma, kikitoa damu au kikawa kidonda kisichopona, usingoje. Nenda Hospitali ya Kitete. Kikiwahiwa hutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali, kwa dawa ya kupaka, au kwa kukatwa kidogo.

Na hizi kofia zetu za madrasa hazina ukingo! Mwenye ualbino avae pama njiani. Kanzu ya mikono mirefu nayo yafaa sana. Mafuta ya kukinga jua, kama yale yaliyotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili yao, hutoka kwa maji, basi apake tena kila akishatawadha. Walimu nao, darasa la nje liwe chini ya mwembe.