Bunduki ya babu au nakala mpya: Ipi ifyatuliwe?

BUNDUKI ya mitutu miwili iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza bado inaweza kuangusha ndege leo hii. Inaweza pia kumpasukia mwenyewe mkononi. Mara nyingi kinachotenganisha mambo hayo mawili ni milimita tano tu.

Bunduki hizi za marisau zililetwa Afrika Mashariki na walowezi na maofisa wa serikali za kikoloni. Wenyewe waliondoka, baadhi ya bunduki zikabaki, zikawa zinapita kutoka mkono hadi mkono. Mwenye leseni aliyepata moja ya hizo hujiuliza: aendelee nayo, au anunue mpya iliyoundwa kwa umbo lile lile huko Brazil, Urusi, Uturuki au China?

Wamarekani nao wanajiuliza hivyo hivyo, ingawa kwao ni mchezo. Kuna chama kinaitwa Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa mwaka 1987. Wanachama wake huvaa kama wachunga ng'ombe wa karne ya 19 na kushindana kupiga shabaha za chuma kwa kuhesabiwa sekunde. Bunduki ya mitutu miwili lazima iwe ya mtindo wa kabla ya 1899, na isiwe na kifaa cha kurusha maganda yenyewe. Watu hao hufyatua za zamani na nakala mpya risasi nyingi kuliko mkulima atakavyofyatua maisha yake yote, kwa hiyo ubovu wa kila upande umeshajulikana.

Ganda kuingia si kufaa

Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Risasi zinazouzwa siku hizi kwa wingi ni za milimita 70, na nyingine 76. Mtego uko hapa: urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya kupigwa mdomo umekunjwa, ganda ni fupi, na lile la 70 linaingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama. Mwenye bunduki anaona limekaa vizuri, anafunga.

Akifyatua, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka. Unajitokeza kwenye njia inayoanza kuwa nyembamba, marisau yanabanwa, na mgandamizo unapanda. Huenda siku ya kwanza lisitokee jambo, na ndiyo maana watu hujiamini. Kitako kinaanza kupata ufa, bawaba inalegea taratibu.

Jambo la pili ni baruti. Hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19 bunduki hizi zilipigwa kwa baruti nyeusi. Baadaye ikaenea baruti isiyo na moshi, ambayo tabia ya mgandamizo wake ni tofauti. Mitutu mingi ya wakati ule ni ile inayoitwa ya Damascus: vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilisokotwa, vikazungushwa kwenye nondo na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Mji wa Liège, Ubelgiji, ulisifika kwa kazi hiyo. Mitutu hiyo ina madoa mazuri kama ngozi ya chatu, lakini kutu inaweza kujificha kwenye maungio yake na macho yasiione.

Uingereza ina utaratibu wa kupima bunduki kabla haijauzwa. Nyumba ya upimaji ya London ina mamlaka hayo tangu 1637, na ya Birmingham tangu 1813. Bunduki hupigwa kwa mzigo uliozidi kawaida, na ikistahimili inagongwa mihuri. Toa mitutu, igeuze, tazama upande wa chini karibu na chemba. Herufi NP zina maana ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Ukikuta BP bila NP, hiyo ilipimwa kwa baruti nyeusi tu. Hata hivyo muhuri unaeleza hali ya siku ile ya upimaji. Miaka 90 ya kutu, na mafundi waliosugua ndani ili ing'ae, vinaweza kuwa vimepunguza unene wa ukuta wa mtutu.

Kuna kipimo cha haraka ambacho mafundi wa zamani walikipenda. Ning'iniza mitutu mitupu kwenye kidole, igonge kidogo. Ikilia kama kengele ni dalili njema. Ikitoa sauti butu, huenda risimu iliyoiunganisha imeachia. Kipimo hiki hakitoshi. Fundi bunduki mwenye vyombo vya kupima unene ndiye atakayesema neno la mwisho.

Nakala nazo

Nakala mpya ni kama Stoeger Coach Gun ya Brazil, au ile ya China iliyoiga Colt ya 1878 yenye nyundo za nje. Baikal IZh-43 ya Izhevsk, Urusi, si nakala hasa, ila ni mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu. Zote zimetengenezwa kwa risasi za sasa. Ubaya wake ni kazi ya haraka: springi ngumu, chemba zenye mikwaruzo, mbao zisizokaa sawasawa. Wamarekani wakizinunua huzipeleka kwanza kwa fundi zisuguliwe, na wengine huondoa kizuizi cha usalama kinachojifunga chenyewe. Hilo la mwisho waachiwe wao na wasimamizi wao uwanjani.

Si kila nakala ni ya bei rahisi. Miaka ya 1980 Japani ilitengeneza nakala za Parker, bunduki mashuhuri ya Meriden, Connecticut, na sasa wakusanyaji wanazitafuta nakala zenyewe.

Kwa anayelinda shamba, mimi naona mpya ndiyo chombo cha kazi. Ya zamani yenye jina kama Purdey, Holland & Holland au Westley Richards isifyatuliwe, wala isipigwe msasa au vanishi, kabla mthamini hajaiona, kwa kuwa mnunuzi hulipia rangi yake ya asili. Tena silaha ya marehemu hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ilikuwa ya mtu, hivyo familia ianzie polisi. Na Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku 1977, leseni ya bunduki si ruhusa ya kupiga mnyama.

Asiyetaka kuitupa ya babu anaweza kukatiwa mitutu na kuingiziwa mipya kwenye kitako kile kile, kisha ikapimwa upya. Thamani kwa wakusanyaji inashuka, lakini inapigika.

Atakayeendelea nayo asiweke marisau ya chuma. Marekani ilipiga marufuku risasi kwa kuwinda mabata nchi nzima mwaka 1991, Uingereza ikafuata 1999, ndipo marisau ya chuma yakaenea. Ni magumu, yanakwaruza mitutu laini na kuvimbisha mdomo uliobanwa. Ulaya, mitutu iliyopimwa kwa marisau ya chuma ya nguvu kubwa hugongwa alama ya ua. Ya babu haina.