Seli Ndiyo Inayomeza Kirusi

Wengi hudhani kwamba kirusi huvunja ukuta wa seli na kuingia kwa nguvu. Sivyo. Kirusi hakitembei, hakili, wala hakina nishati yake chenyewe. Mara nyingi seli ndiyo inayokimeza, kwa njia zilezile inazotumia kujilisha.

Tuchukue kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliochunguzwa kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1930 na 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi na kondoo wenye mimba kuzitoa. Vikipangwa foleni, vinatakiwa virusi elfu kumi hivi ili kufikia milimita moja. Kila kimoja kimefunikwa utando wa mafuta, na juu yake zimesimama protini mbili, Gn na Gc, zilizobandikwa sukari. Sukari hizo zina maana kubwa. Seli za mbu haziwezi kuziunga kwa namna zote wanazoziunga mamalia, hivyo kirusi kilichokulia ndani ya mbu hutoka kikiwa kimejaa sukari sahili ya aina ya manosi.

Mbu anapochoma ngozi, kirusi hukutana mapema na seli za kinga zinazoitwa seli za dendriti. Hizi zina kipokezi kiitwacho DC-SIGN, ambacho kazi yake ni kuitambua manosi iliyo juu ya vijidudu na kuvinasa. Kinamnasa adui kweli, lakini seli inapomvuta ndani ili imsage, inakuwa imemfikisha alikotaka kufika.

Kuanzia hapo kirusi hufuata damu hadi kwenye ini, kiungo kinachoumia zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kirusi hiki hushikamana na protini iitwayo LRP1, ambayo imejaa kwenye seli za ini na hufanana sana miongoni mwa mamalia. LRP1 huokota mabaki ya mafuta yanayozunguka katika damu. Panya waliopewa protini iliyokishika kipokezi hicho walinusurika na maambukizi ambayo yangewaua.

Kinachonishtua zaidi ni kwamba kirusi hiki hakiko peke yake. Kirusi cha Semliki, kilichopatikana kwa mbu walionaswa Bwamba, magharibi mwa Uganda, mwaka 1942, hutumia VLDLR, ndugu wa LRP1. Na mwaka 2024 ikabainika kwamba kirusi cha homa ya Crimea-Congo, kinachoenezwa na kupe, hushika LDLR, kipokezi kinachoingiza kolesteroli ndani ya seli. Virusi vya koo tofauti, wabebaji tofauti, na vyote vimeangukia ukoo mmoja wa vipokezi vya mafuta. Sababu yake naiona wazi: seli haiwezi kuacha kula. Chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1952, ilichagua kipokezi kingine, MXRA8, lakini safari inayofuata ni ileile.

Maana kumezwa siyo kuingia. Kirusi kilichomezwa bado kimefungiwa ndani ya kifuko cha utando, na kifuko hicho kinaelekea mahali pa kumeng'enyea, kikizidi kuwa na asidi kadiri kinavyosogea. Mwaka 1980 Ari Helenius na wenzake, wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walikitumia kirusi kilekile cha Semliki kuonyesha kwamba asidi hiyo ndiyo ishara kinayoingoja. Walipoipunguza kwa dawa, ikiwemo klorokwini ambayo wengi wetu tuliinywa kwa ajili ya malaria, virusi vilimezwa kama kawaida lakini vikakwama ndani ya vifuko.

Kwa kirusi cha Bonde la Ufa, kinachotokea kwenye asidi ni kwamba protini ya Gc, iliyokuwa imelala kama mtego uliotegwa, hufyatuka. Ncha yake yenye kupenda mafuta huchoma utando wa kifuko, kisha protini nzima hujikunja na kuuvuta utando wa kifuko na ule wa kirusi hadi ziungane. Tundu hufunguka, na vinasaba vya kirusi humwagika ndani ya seli. Cha Semliki hufyatuka mapema, asidi ikiwa kidogo. Cha Bonde la Ufa husubiri hadi kifuko kikolee.

Asikimbilie mtu klorokwini kwa sababu hiyo. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa chikungunya katika kisiwa cha Réunion mwaka 2006 na haikuwasaidia. Kinachozuia kirusi ndani ya chupa ya maabara si lazima kiwe dawa mwilini.

Kwa homa ya Bonde la Ufa, hadi sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu, wala dawa mahususi. Na kwa kuwa vipokezi vyake vimeenea mwilini, kirusi hakihitaji mbu kila mara: damu ya mnyama mgonjwa au majimaji ya mimba iliyotoka vinatosha kukifikisha. Kwa hiyo ndugu mfugaji, usimchinje mnyama mgonjwa, usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, na chanja mifugo kabla ya mvua kubwa. Mlipuko ukishaanza, sindano inayohamishwa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine inaweza yenyewe kueneza ugonjwa.