Mashine Iliyompima Shangazi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Mpenzi msomaji, lau ningenyamaza siku ile, shangazi yangu angerudi nyumbani mikono mitupu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Bwana mmoja alikuja sokoni kwetu na kijimashine kilichounganishwa na tarakilishi, akawa anawapima watu ati "nguvu za mwili kwa njia ya Kichina." Shangazi, ambaye ana ugonjwa wa sukari, alikuwa ametoka kufua akajiunga na foleni. Aliguswa kwa kijiti cha chuma mikononi na miguuni, kisha mistari mirefu na mifupi ikatokea. "Mama, figo zako ni dhaifu sana!" Dawa za mwezi mmoja zilikuwa shilingi elfu sita. Shangazi akaanza kufungua fundo la leso yake. Nami nilijua vyema kuwa hizo zilikuwa pesa za kliniki.

Je, mistari ile ina maana gani?

Tiba ya jadi ya Uchina, ambayo imedumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, hufundisha kwamba mwilini mna nguvu ya uhai iitwayo chi. Nguvu hiyo hupita katika mikondo mikuu 12 kila upande wa mwili. Mikondo hiyo imepewa majina kama vile mapafu, moyo, ini, wengu na figo. Mmoja huitwa majiko matatu, na huo hauna kiungo chochote unachoweza kukionyesha kwa kidole. Chi ikizidi au ikipungua, mtu huugua. Waganga wa kale hawakuwa na mashine. Waliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, wakausikiliza mpigo wa mshipa, wakatazama na ulimi.

Mashine zilikuja juzi tu, katika miaka ya 1950. Huko Japani, daktari Yoshio Nakatani alianzisha njia iitwayo Ryodoraku. Umeme mdogo hupitishwa kwenye ngozi katika sehemu 24, yaani 12 kulia na 12 kushoto. Kisha hutafutwa wastani. Mstari uliopita wastani husemekana una nguvu nyingi, na ulio chini una upungufu. Kulia na kushoto vikitofautiana sana, husemwa hakuna usawa. Zaidi ya hayo, "figo" katika tiba hiyo ni jina la mkondo na kazi nyingi za mwili. Kwa hivyo hata mganga wa Kichina mwenyewe akisema figo dhaifu, si lazima awe anamaanisha figo zile tunazochora katika Bayolojia.

Sasa tukumbuke somo letu la Fizikia. Ukinzani ukipungua, mkondo wa umeme huongezeka. Ngozi yenye jasho au maji hupitisha umeme zaidi kuliko ngozi kavu. Kijiti kikikandamizwa kwa nguvu, namba hupanda pia. Basi nikamwomba yule bwana, kwa heshima, ampime shangazi tena baada ya kujipangusa na kupumzika. Lo! Mistari ikabadilika, na sasa mgonjwa akawa ini! Watu wakaangua kicheko. Shangazi akalifunga fundo lake.

Kesho yake tulienda hospitali. Damu na mkojo vilipimwa. Figo zilikuwa nzima, ila sukari ilikuwa juu mno, jambo ambalo mashine haikulitaja kamwe.

Sisemi tuidharau hekima ya Wachina. Bi. Tu Youyou alitoa dawa ya malaria katika mmea wa tiba yao ya jadi, akatuzwa Nobeli mwaka wa 2015. Lakini yeye aliijaribu dawa yake kwanza, tena na tena, kabla ya kuiamini.

Nanyi wanachama wenzangu, mkipimwa lolote, ulizeni: hiki kinapima nini hasa? Mwenye macho haambiwi tazama.